Legeza Mkanda

Kamba zilikaza, winchi ikanguruma, na Balz Zemp akainuliwa polepole kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka nyayo zikaachana na sakafu. Aliangalia chini. Viatu vyake vya mazoezi, vipya na vyeupe kama vya mtoto anayeanza shule, vilikuwa vinayumba hewani. Kilo tisini na nne, miaka sitini na moja, na hapa alipo ananing'inia kama suruali iliyoanikwa.

"Mikanda inakubana popote?" aliuliza Fabienne.

"Inanibana mahali ambapo siwezi kumtajia binti wa watu."

Fabienne Rüttimann alicheka bila kuinua kichwa. Alikuwa amepiga magoti mbele yake, anamfungia roboti miguuni: vyuma viwili virefu, kimoja kila upande, vyenye mota nyongani na magotini, na vifungo vya kitambaa kinene vya kushika paja na muundi. Alifanya kazi hiyo kila siku saa tatu asubuhi, na kila siku aliingiza vidole viwili kati ya kifungo na ngozi, ahakikishe hakimchubui mgonjwa. Balz aliipenda ile desturi ya vidole viwili. Na yeye alikuwa akifanya hivyo hivyo kabla ya kumfunga ng'ombe mguu.

"Haya, tunashuka. Kanyaga."

Winchi ikamteremsha kidogo. Mkanda mpana mweusi uliokuwa chini yake ukaanza kusogea kuelekea nyuma, vyuma vikalikunja goti la kulia, vikalinyoosha, vikalikunja la kushoto, na Balz Zemp akawa anatembea. Anatembea vizuri, tena kwa madaha, kama mtu anayekwenda kanisani Jumapili bila haraka. Mtu asiyejua angedhani amepona.

Kwa miaka thelathini na minane alikuwa mkata kwato. Bonde zima la Entlebuch lilimjua kwa lile gari lake la kijivu na kizimba cha chuma alichokikokota nyuma. Ng'ombe aliingizwa kizimbani, mkanda ukapitishwa chini ya tumbo ili asianguke, mguu mmoja ukainuliwa na kufungwa, kisha Balz akainama na kisu chake chenye ncha iliyopinda, akaanza kupunguza ukwato uliorefuka majira yote ya baridi. Alizijua kwato za bonde lile kuliko nyuso za wenye ng'ombe. Mtu akimsalimia nje ya kanisa, Balz aliweza kulisahau jina lake kabisa, lakini akajibu, "Na yule wako mwenye doa shingoni, kidole cha ndani kimepona?"

Mwezi wa pili, katika zizi la Hofstetter, kisu kilimdondoka. Alikitazama kikianguka, akashangaa kwa nini mkono haukukifuata. Halafu mguu wa kushoto ukamtoka, kana kwamba mtu ameuiba. Alianguka chali chini ya ng'ombe aitwaye Falka, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa juu na mitatu iko chini. Balz alilala pale macho wazi, kuita hawezi, akilitazama tumbo la mnyama wa kilo mia saba likipanda na kushuka juu ya uso wake. Falka hakurusha teke. Hakutikisa hata mkia. Alisimama hivyo hivyo mpaka Hofstetter aliporudi na kahawa.

Kiharusi, walisema hospitalini. Mkono ulirudi baada ya wiki tatu, dhaifu lakini mtiifu. Mdomo ulinyooka. Mguu ndio uliokataa.

"Mita mia sita na arobaini," alisema Fabienne mkanda uliposimama. "Umbali mzuri. Sasa tazama huku."

Kwenye skrini palikuwa na mistari miwili, ikionyesha nguvu iliyotoka kwenye kila mguu. Wa kulia ulipanda na kushuka kama milima. Wa kushoto ulikuwa umelala kama ziwa siku isiyo na upepo.

"Huu mguu wa kushoto unamwachia roboti kazi yote, Bwana Zemp."

"Si ndiyo kazi aliyoajiriwa?"

"Aliajiriwa kukukumbusha, si kukubeba. Lazima na wewe uutake huo mguu."

"Mimi nautaka. Wenyewe ndio haunitaki."

Walipomshusha na kumsimamisha kati ya vyuma viwili vya kushikilia, mambo yakawa yale yale ya jana na juzi. Hatua ya mguu wa kulia, sawa. Hatua ya kushoto, goti likakunjika kama karatasi iliyolowa, na Fabienne akamdaka kiunoni. Ilikuwa wiki ya saba. Kando ya ziwa, nyuma ya kioo kikubwa cha ukumbi wa mazoezi, miti ilikuwa imeanza kutoa majani, na Balz alitazama pembeni ili asione Fabienne anavyojikaza asionyeshe masikitiko.

Agatha alikuja Jumatano, kama alivyokuja kila Jumatano na kila Jumamosi: basi la posta mpaka Schüpfheim, treni mpaka Luzern, basi jingine mpaka klinikini. Mkewe alikuwa mwanamke mdogo, mwepesi, mikono yake imekakamaa kwa miaka ya kuosha na kugeuza jibini kwenye kiwanda cha kijijini. Alimbusu utosini, akamnusa kidogo.

"Wanakuogesha na sabuni ya nini hapa? Unanuka kama duka la dawa."

"Ndiyo harufu ya watu wa mjini, zoea. Niambie, kuna nini nyumbani?"

"Paka amezaa kwenye kapu la nguo. Na Wicki kamaliza ng'ombe wa Hofstetter." Wicki alikuwa kijana wa Escholzmatt aliyezichukua kazi za Balz. "Watu wanasema ana haraka sana. Falka kampiga teke la paja. Anachechemea mpaka leo."

Balz alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa hajacheka hivyo tangu mwezi wa pili. "Falka! Mpe mkate yule, Agi. Mwambie umetoka kwangu."

"Wa kwako wenyewe huu hapa." Agatha alifungua mkoba, akavuta mkate wa peasi kavu na karanga uliofungwa kwa kitambaa. Mkate ulitoka na kitu kingine. Kijitabu cha karatasi ya kung'aa kikaanguka mapajani mwa Balz, kifudifudi, kisha kikateleza na kugeuka. Balz aliiona picha: jengo refu la njano karibu na stesheni, maua mlangoni, wazee wawili wanacheka kwenye benchi.

Makao ya wazee. Mama yake alikaa mle miaka minne, akitazama ukuta wa korido, akimwita kila anayepita kwa jina la mumewe.

Agatha alikichukua haraka, akakirudisha mkobani. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Nini hicho?" aliuliza Balz.

"Karatasi tu. Wanagawa posta siku hizi, hata hujui za nini." Akakata mkate, akapaka siagi, akampa. "Kula."

Akala. Hakuuliza tena. Akina Zemp hawakuwa watu wa kuuliza. Baba yake aliuza shamba la juu bila kumwambia mtu, na mama yake aligundua siku alipoona ng'ombe wa watu wengine wanalisha mle, akamaliza siku yake bila neno. Saa kumi Agatha alivaa koti, akambusu tena utosini, akaondoka, na Balz akamtazama kupitia dirishani akikimbilia basi na zile hatua zake fupi fupi. Anakwenda vizuri, aliwaza. Uzito umegawanyika sawa, kisigino kwanza. Mwanamke mwenye miguu kama ile ana miaka ishirini mbele yake. Afanye nini na mzigo wa kilo tisini na nne kwenye nyumba ya ngazi kumi na tisa?

Kesho yake asubuhi hakusema utani wowote. Fabienne alifunga vifungo, akapima kwa vidole viwili, akamtazama usoni mara moja, akaendelea. Winchi ikanguruma. Mashine ikaanza kumtembeza.

Balz alifumba macho. Na alipofumba, aliusikia vizuri ule mkanda wa kifuani na mapajani unavyombeba, laini, bila kuchoka, na akajisikia yeye mwenyewe alivyolala ndani yake. Hapo akamkumbuka ng'ombe. Si mmoja, wengi, wa miaka yote. Wapo wanaoingia kizimbani wakasimama kwa miguu yao. Na wapo ambao, mkanda ukishapita chini ya tumbo, wanauachia uzito wote. Wanalegea, wanalala hewani kama gunia, macho yametulia, mpaka chuma kinalia. Hao ndio waliomvunja mgongo. Aliwatukana, aliwapiga makofi ya mbavuni. Na makofi hayakusaidia hata siku moja. Kilichosaidia kilikuwa kitu kingine.

"Simamisha," alisema.

Fabienne akabonyeza kitufe. "Kuna maumivu?"

"Hakuna. Huu mkanda unanibeba kilo ngapi?"

"Arobaini."

"Na hivi vyuma vinanisukuma kwa nguvu zao zote?"

"Upande wa kushoto, ndiyo. Asilimia mia."

"Legeza."

"Bwana Zemp, tunapunguza kidogo kidogo kila wiki, kuna utaratibu…"

"Sikiliza, binti. Ng'ombe akilala kwenye mkanda, huwezi kumwinua kwa nguvu, ana kilo mia saba. Unafanya nini? Unaulegeza. Ghafla kidogo. Anajisikia anaanguka, na miguu inakumbuka kazi yake kabla yeye mwenyewe hajafikiri. Nimefanya hivyo mara elfu. Mimi nimelala kwenye mkanda. Wiki saba nimelala tu, nakuambia. Legeza."

Fabienne alikaa juu ya visigino vyake. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, nywele fupi, na tabia ya kuuma kalamu. "Nipunguze mpaka wapi?"

"Mpaka niogope."

"Mashine haina kitufe cha kuogopa."

"Basi nitakuambia tukifika."

Alikwenda kumpigia simu daktari. Alizungumza kwa muda mrefu akiwa amempa Balz mgongo, akirusha mkono mmoja hewani. Aliporudi alikuwa amekunja mikono ya shati.

"Kasema tujaribu, na kamba za juu zisilegee hata kidogo zaidi ya alichotaja. Ukianguka utaanguka sentimita tano, basi. Utabaki unaning'inia."

"Nimeshazoea kuning'inia."

Fabienne akashusha mpaka kilo thelathini. Balz akasikia viungo vya nyonga vinapokea uzito, kama mtu anayepokezwa ndoo bila kuambiwa. Akashusha ule msukumo wa vyuma upande wa kushoto: themanini, sitini. Mkanda mweusi ukaanza kusogea. Kulia. Kushoto, na goti likaachia. Kamba zikamdaka, mashine ikapiga kelele na kusimama. Jasho likamtoka hapo hapo, baridi, mgongoni kote.

"Umeogopa?" aliuliza Fabienne.

"Sana."

"Tuache?"

"Tena."

Mara ya pili goti likaachia tena. Mara ya tatu pia. Mara ya nne Balz akapiga ukelele, si wa maumivu, na wagonjwa wengine ukumbini wakageuka. Mara ya sita, au ya saba, kitu kikatokea juu ya goti, ndani ya paja, kitu kidogo sana, kama samaki anayejigusa kwenye ndoano kisha akaondoka. Goti likatetemeka. Halikuachia. Mguu wa kulia ukapita.

"Ona," alisema Fabienne kwa sauti ya chini.

Kwenye skrini, katika ule mstari uliolala, palikuwa na kivimbe. Kimoja tu, kidogo, kama udongo unaoinuka kwenye majani pale fuko alipopita chini.

Balz alikitazama kile kivimbe. Halafu akasema, "Niliwapiga bure."

"Akina nani?"

"Ng'ombe."

Tangu siku hiyo akawa mtu wa kwanza kufika ukumbini na wa mwisho kutoka. Asubuhi na roboti, mchana na vyuma vya kushikilia, jioni na fimbo koridoni. Alikwenda kwa hasira. Kila alipokanyaga mguu wa kushoto aliliona lile jengo la njano, na kila alipoliona alikanyaga tena. Jumatano na Jumamosi Agatha alipokuja alimkuta kitini, blanketi mapajani. Alimwambia Fabienne asimwambie kitu mkewe.

"Kwa nini?" aliuliza Fabienne. Ilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa tano, na mstari wa kushoto ulikuwa sasa na vilima, si virefu, lakini vilima. Mkanda ulikuwa unambeba kilo kumi na mbili tu. "Angefurahi."

"Anataka kuniweka kule kwenye nyumba ya wazee."

"Kakuambia hivyo?"

"Niliona kijitabu."

"Ukamuuliza?"

Balz alikuwa anamtazama Fabienne akizunguka mashine kwenda upande wa pili. "Wewe nawe unaumwa mgongo," alisema. "Chini, kushoto. Uzito wote unautupia mguu wa kulia."

Fabienne akasimama. "Hakuna anayejua hilo humu ndani."

"Mimi kazi yangu ilikuwa kutazama wanaochechemea wakijidai hawachechemei."

Fabienne akacheka, akajiegemeza kwenye nguzo ya mashine. "Kabla huyu hajaja," akaipigapiga roboti kama mtu anayempapasa farasi, "tulifanya kwa mikono. Mmoja huku, mmoja kule, tumekaa kwenye vigoda, tunaunyanyua mguu wa mgonjwa na kuuweka, tunaunyanyua na kuuweka. Hatua mia mbili tulikuwa hoi. Huyu anakwenda hatua elfu mbili na halalamiki. Mimi nilifanya miaka minane, mgongo ukaniambia basi. Siku walipomfungua kutoka kwenye sanduku nililia. Wenzangu walidhani naogopa kufukuzwa kazi."

"Kumbe?"

"Kumbe nilikuwa nafikiri, laiti ungekuja mapema kidogo." Akabonyeza kitufe, mkanda ukaanza kusogea. "Muulize mkeo, Bwana Zemp. Mimi nisingekaa kimya na mgongo wangu miaka yote ile kama ningekuwa na akili."

Hakumuuliza. Ijumaa ya katikati ya mwezi daktari aliweka siku ya kipimo: kuinuka kitini bila kushikwa, kutembea mita kumi kwa fimbo, kugeuka. Agatha aliitwa. Alikuja na gauni lake la kijani la arusi za watu, akakalishwa mwisho wa korido, mkoba mapajani, magoti pamoja. Hakujua anachokuja kuona. Alikuwa na uso wa mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Balz alikuwa upande wa pili, kitini. Kati yao palikuwa na sakafu ya kijivu na utepe mwekundu uliobandikwa kuonyesha mita kumi. Kamba hazikuwapo. Roboti ilikuwa chumba kingine, na mtu mwingine ndani yake.

Aliweka fimbo mkono wa kulia. Akainama mbele, pua juu ya vidole vya miguu, kama alivyofundishwa, akasukuma. Makalio yakaachana na kiti. Alimwona Agatha anafungua mdomo na kuufunika kwa mkono.

Fimbo. Kushoto. Kulia.

Haikuwa ile hatua ya kanisani Jumapili ambayo mashine ilimtembeza nayo. Ilikuwa hatua mbaya. Nyonga ilipanda, mguu ukazunguka nje kidogo kabla ya kutua, na kama ingekuwa ya ng'ombe angeandika daftarini: achunguzwe. Lakini goti lilishika. Fimbo, kushoto, kulia. Fabienne alitembea nyuma yake, mikono wazi, bila kumgusa. Kwenye mita ya sita Balz alisimama. Muuguzi mmoja aliyekuwa anasukuma kigari cha chai akasimama na vikombe vyake. Jasho lilimwingia Balz machoni. Hakutazama sakafu. Alitazama lile gauni la kijani.

Fimbo. Kushoto.

Alipofika alishika mgongo wa kiti kilichokuwa kando ya Agatha, akageuka vipande vipande, akakaa kwa kishindo. Daktari alisema muda wake kwa dakika na sekunde, akaandika kitu, akampa mkono, akaondoka. Fabienne alimfinya bega, akasema anakwenda kuleta maji, naye akaondoka, na hakuharakisha kurudi.

Agatha alikuwa analia bila sauti, machozi yanashuka mpaka kidevuni na hayafuti.

"Sasa kitupe kile kijitabu," alisema Balz.

"Kijitabu gani?"

"Agi. Nilikiona. Cha nyumba ya njano."

Agatha akafungua mkoba, akakitoa. Pembe zake zilikuwa zimechakaa kwa kubebwa. Ndani yake mlikuwa na fomu iliyokunjwa mara nne. Akampa.

"Soma."

"Sina miwani."

"Basi nitakusomea mimi." Akaikunjua, akaishika mbali kidogo na macho. "Chumba cha wawili, ghorofa ya kwanza. Waombaji: Zemp Balthasar. Zemp Agatha."

Balz aliisikia, na haikuingia mara moja. "Wawili?"

"Ulidhani ningebaki kule juu na nani? Na paka?"

"Lakini wewe huumwi."

"Niliwaambia hivyo hivyo. Wakasema si lazima mtu aumwe." Akafuta kidevu kwa kiganja. "Nilikwenda kukiona. Vitanda viwili, kabati moja. Dirisha linatazama magari ya watu yamepangwa. Nikamuuliza dada wa mapokezi kama hakuna cha upande wa mlimani, akasema kipo ila kuna foleni. Nikatuandikisha kwenye foleni."

"Lini hiyo?"

"Mwezi wa tatu. Daktari wa hospitali aliponiambia huenda usiinuke tena. Alisema mimi siwezi kukubeba, nitavunjika. Nikasema, kama ni hivyo tutabebwa wote wawili."

Balz aliiangalia mikono yake. Aliwaza wiki sita za hasira, maelfu ya hatua, na kila hatua ameikanyaga juu ya mwanamke huyu.

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuuliza?"

Kigari cha chai kikapita mbele yao, vikombe vikigongana.

"Nimekulaani, Agi," alisema Balz. "Kila siku. Kila nilipoukanyaga huu mguu, nilikulaani."

Agatha alifikiri kidogo. "Ilisaidia?"

"Ilisaidia sana."

"Basi endelea mpaka upande zile ngazi."

Kicheko kilimtoka pamoja na kitu kingine, na alilazimika kugeukia ukutani mpaka kilipopita. Agatha alimwekea mkono mgongoni, mahali pale pale alipokuwa akimkanda jioni akirudi kutoka mazizini, na hakuuondoa.

"Kuna ngazi kumi na tisa," alisema Balz.

"Zilikuwa kumi na tisa hata siku unanioa."

"Na kazi siirudii. Kisu sitakiinamia tena. Unalijua hilo."

"Najua. Nilikuwa nangoja ulijue wewe."

Fabienne alirudi na maji, safari hii akikanyaga kwa makusudi ili asikike. Alisema mvua imekatika, na kama wangependa kupata hewa, mlango mkuu uko hatua ishirini tu, ataleta kiti cha magurudumu.

"Kiache," alisema Balz.

Wakaenda, fimbo upande mmoja, Agatha upande mwingine, Fabienne nyuma na kiti kitupu kwa tahadhari. Miaka thelathini na mitano ya ndoa Agatha alikuwa akitembea nyuma ya Balz akimwambia asiende mbio. Sasa ilibidi yeye ndiye ajizuie; alikuwa anatanguliza mguu, anausitisha, anangoja, na baada ya hatua chache walikuwa wanatua pamoja.

Milango ya kioo ilifunguka ilipowaona wanakuja. Harufu ya majani yaliyokatwa na ya lami iliyolowa ikaingia ndani. Balz akaharakisha kadiri alivyoweza, lakini walikuwa bado mita mbili ndani milango ilipochoka kuwangoja, ikajifunga. Kwenye kioo akawaona watu wawili wazima, mmoja mrefu ameinamia upande, mmoja mfupi amevaa kijani.

"Haina adabu hii," alisema Agatha.

Wakasogea. Ikafunguka, yule mrefu akaenda na kioo hiki, yule mfupi na kile. Balz akainua fimbo. Akainua mguu wa kulia. Ule wa kushoto ukasita, na milango ikaanza tena kurudi.

Agatha akamwachia mkono. Akatangulia hatua mbili, akasimama katikati kabisa ya kizingiti, akamgeukia, upepo ukimpeperusha nywele kwa nyuma. Milango ikamkaribia kutoka pande zote mbili, ikamgusa mabega kidogo, ikarudi nyuma, ikabaki wazi.

"Mimi niko hapa," alisema. "Njoo kwa wakati wako."